Kuvuka au Kuangalia: Siku Nne kwenye Mwambao wa Mawe wa Kivu

Rwanda haina bahari. Malori yanayotuletea mafuta na mchele kutoka bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kabla ya kufika Kigali, na katika darasa letu la Kiswahili wapo wengi ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi. Tunaposoma hadithi za pwani, zenye majahazi na pepo za kusi na kaskazi, tunasoma habari za nchi ya wengine. Hata hivyo tunao mwambao wetu. Uko magharibi, unaanzia Rusizi upande wa kusini na kuishia Rubavu upande wa kaskazini, na sehemu kubwa yake ni mawe na majabali yanayoingia moja kwa moja katika Ziwa Kivu.

Mwezi Julai 2023, wakati wa kiangazi, tulikodi gari dogo mjini Kigali tukiwa wanafunzi watano. Tuliazima hema mbili, sufuria moja kubwa na jiko la gesi, tukaenda kuufuata mwambao huo kwa siku nne. Njia yetu ilikuwa Huye, msitu wa Nyungwe, Rusizi, Nyamasheke, Karongi, Rutsiro na Rubavu, kisha kurudi kupitia Musanze. Wenzangu walitaka kuogelea na kupiga picha. Mimi nilitaka hayo pia, lakini kwa kuwa nasoma historia nilibeba na swali langu: kabla yetu, ni nani waliokuja kulala kwenye mahema kando ya ziwa hili, na walikuwa wakitafuta nini?

Swali hilo nililipata kwa bibi yangu. Nilipokwenda kumuaga Nyamirambo nilimwambia kwa Kinyarwanda kwamba tunakwenda kupiga kambi. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Mnamkimbia nani?" Hakuwa anatania. Katika Kinyarwanda tunalo neno inkambi, ambalo ni kambi ya Kiswahili iliyovaa kiambishi cha kwetu, na tunalo ihema, ambalo ni hema. Lakini kwa mtu wa umri wake inkambi ni ya askari au ni ya wakimbizi. Hema ni kitu unachopewa siku umepoteza nyumba. Si kitu unachoazima kwa hiari yako ukalale kwenye mawe wakati kitanda chako kipo. Nilimweleza kuwa ni mapumziko tu. Akasema, "Sawa mjukuu wangu. Lakini viatu viweke karibu na kichwa."

Kwanza niseme kidogo kuhusu mawe yenyewe. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, maji ya eneo hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha milima ya volkano ya Virunga ikainuka na kuziba bonde kama mtu anavyoziba mfereji kwa udongo. Maji yakakosa njia, yakapanda, yakajaza mabonde, mpaka yakapata mlango mpya upande wa kusini. Mlango huo ndio mto Rusizi, unaomwaga maji hayo katika Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu upande wetu wa Kivu una rasi nyingi, ghuba nyingi na visiwa vingi. Kisiwa ni kilele cha kilima kilichozama. Rasi ni mgongo wa kilima kingine. Anayeendesha gari kando ya Kivu anazunguka milima iliyosimama majini hadi kiunoni, na kwa macho unaona kijiji kilicho kilomita mbili ng'ambo ya ghuba, lakini barabara inakuzungusha nusu saa kabla hujakifikia. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu panakaribia mita 480. Ukisimama juu ya jabali kule Nyamasheke ukatupa jiwe, husikii likigonga chini.

Siku ya kwanza ilikuwa ya barabara tu. Tulikula Huye, tukapita Nyungwe kwa ukungu. Katika msitu huo ndipo daktari Mjerumani Richard Kandt alipofika mwaka 1898 akiutafuta mwanzo wa mto Nile, akaufuata mto Rukarara hadi kwenye chemchemi yake. Watu wa Kigali tunamjua kwa sababu nyingine: yeye ndiye aliyekuwa Residenti wa kwanza wa Wajerumani, na mwaka 1907 alichagua Kigali kuwa makao yake. Nyumba inayoitwa kwa jina lake sasa ni makumbusho, na karibu kila mwanafunzi wa Kigali amepelekwa kule angalau mara moja. Jambo ambalo huwa hatuelezwi sana ni kwamba kabla ya Kigali, Kandt aliishi kando ya Kivu, mahali paitwapo Shangi. Kituo chake alikiita Bergfrieden, yaani amani ya mlimani.

Usiku huo nasi tulilala si mbali na Shangi, kwenye shamba la kahawa la familia inayofahamiana na mmoja wetu. Shamba linashuka hadi majini, na mwisho wake ni uwanja mdogo wa mawe. Vigingi vya hema havikuingia ardhini hata kidogo. Tuliishia kufunga kamba kwenye mawe makubwa. Tulipokuwa bado tunahangaika, alikuja mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akingojea giza liingie. Tulimwamkia kama tulivyofundishwa, "Shikamoo mzee." Alitutazama kwa mshangao kidogo, akajibu, "Jambo, jambo." Watu wa Rusizi na Nyamasheke wanajua Kiswahili vizuri, lakini ni Kiswahili cha Bukavu, ambacho hakina shikamoo wala hakijali sana ngeli. Alitazama mahema, akatazama viti vyetu vilivyopangwa kuelekea ziwa, akauliza, "Munavuka ao munaangalia tu?"

Tulisema tunaangalia. Akacheka, akaenda zake kwenye mtumbwi. Baada ya saa moja tuliwaona: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zikivuta samaki, na wavuvi wakiimba ili wapige makasia kwa pamoja. Wanavua sambaza, samaki wadogo ambao watalii wengi hudhani ni wa hapa tangu zamani. Si wa hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wachache. Uvuvi huu unaoonekana wa kale kuliko kitu chochote mwambaoni ni mdogo kwa umri kuliko bibi yangu.

Swali la yule mzee lilinifaa kuliko vitabu vyangu. Kwa muda mrefu mtu aliyefika kwenye maji haya alikuja kuvuka. Katika karne ya 19 watu wa Kinyaga, kama pembe hii ya kusini-magharibi ilivyoitwa, walifanya biashara na watu wa Ijwi, Wahavu, Washi na Watembo wa ng'ambo. Moja ya fedha zao ilikuwa ubutega, vikuku vya nyuzi vilivyosukwa na Watembo katika misitu ya magharibi mwa ziwa na kuvaliwa miguuni na wanawake hadi ndani ya Rwanda. Ng'ombe, maharage na mbuzi vilinunuliwa kwa vikuku hivyo. Watu walioa na kuolewa ng'ambo. Koo nyingine zina ndugu pande zote mbili mpaka leo.

Na vita pia vilivuka. Mwami Kigeli IV Rwabugiri, mpiganaji mkubwa kuliko wafalme wote wa Rwanda waliomtangulia, alikuwa na makao kadhaa karibu na ziwa, yakiwemo ya Rubengera na Nyamasheke. Kutoka huku alivusha majeshi kwa mitumbwi, akakipiga kisiwa cha Ijwi, na mfalme wa kisiwa, Kabego, akauawa. Rwabugiri mwenyewe alifariki mwaka 1895 akiwa kwenye safari ya vita upande huo wa ziwa, na baada ya kifo chake utawala wa Rwanda kisiwani Ijwi ukaisha. Ni muhimu kukumbuka hili, maana wapo wanaosimulia historia ya Kivu kana kwamba kabla ya Wazungu kulikuwa na amani tupu. Hapana. Lakini wa biashara na wa vita wote waliliona ziwa kama njia.

Waliokuja na mahema walikuwa wengine. Desemba 1893, Count Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, katika pwani ya Tanganyika, na msafara wa mamia ya watu. Mei 1894 aliingia Rwanda, akakutana na Rwabugiri, akapanda mlima wa moto wa Nyiragongo, akafika kwenye ncha ya kaskazini ya Kivu. Ni Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika kwamba ameliona ziwa hili. Kisha akaendelea kuvuka Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Baadaye, kati ya 1901 na 1906, alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Majimaji vilipozuka. Hapa Rwanda tunamtaja kwa ziwa na volkano, Watanzania wanamtaja kwa Majimaji, na ni mtu huyo huyo.

Nilipokuwa nafunga kamba ya hema kwenye jiwe nilifikiria waliofunga kamba za hema lake. Götzen hakubeba hema. Kandt hakubeba hema. Yalibebwa na wapagazi, wengi wao kutoka Unyamwezi na pwani, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani: turubai, vitanda vya kukunja, masanduku ya vyombo, robota za nguo ya merikani na shanga za kununulia chakula njiani. Jioni wao ndio waliosimamisha hema, wakachota maji, wakawasha moto, halafu wakalala nje au kwenye vibanda vya nyasi walivyojijengea. Lugha ya kambi hizo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo kabla Kiswahili hakijawa somo kwetu, na zaidi ya miaka 100 kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kilikwisha kusemwa kwenye mawe haya, na watu waliochoka miguu. Wapagazi na askari wa namna hiyo, pamoja na wafanyabiashara wa pwani, ndio walioanzisha jamii ya Waswahili wa Kigali, na msikiti wa Nyamirambo uliojengwa 1913 ni wa kwao. Jina la Götzen limo katika kila kitabu cha shule. Majina ya waliombebea kitanda sijayaona hata katika kitabu kimoja.

Amani ya mlimani aliyoipata Kandt pale Shangi ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1896, miaka miwili kabla yake, maofisa wa Dola Huru ya Kongo walikuwa wamejenga kituo papo hapo, na jeshi la mwami lilipokwenda kuwaondoa lilikutana na bunduki likashindwa. Kushindwa huko kulitikisa utawala wote, na mwisho wa mwaka huo mapinduzi ya Rucunshu yakamuweka Yuhi V Musinga kwenye kiti. Wabelgiji nao walilazimika kuondoka baada ya askari wao kuasi huko Kongo, na mwaka 1898 Wajerumani wakaingia mahali pao. Kandt alipoandika juu ya utulivu wa maji na uzuri wa rasi, alikuwa amekaa juu ya uwanja wa vita. Simlaumu kwa kuona uzuri, kwa sababu nasi tuliuona, na asubuhi ile ukungu ulipoinuka juu ya maji kila mmoja wetu alinyamaza. Nasema tu kwamba kuangalia kulikuja baada ya bunduki.

Baada ya kuangalia ikaja kalamu. Mwaka 1885, miaka 9 kabla ya safari ya Götzen, mpaka ulikwisha kuchorwa Ulaya kama mstari ulionyooka, ukikata katikati ya nchi ambayo waliochora hawakuwahi kuiona. Ziwa lilipojulikana, Wajerumani na Wabelgiji waligombana zaidi ya miaka kumi wakitafuta mstari bora. Mwaka 1910 walikutana Brussels pamoja na Waingereza, wakakubaliana: mpaka upite katika ziwa, na kisiwa cha Ijwi kiwe cha Wabelgiji. Musinga hakuwa mezani, wala mtu yeyote wa Ijwi. Miaka minne baadaye vita kuu vikaanza. Septemba 1914 Wajerumani wakiongozwa na Wintgens waliteka Ijwi, na 1916 Wabelgiji wakakirudisha kisiwa, wakaendelea hadi Kigali. Kisha Wabelgiji wakatawala pande zote mbili, lakini mstari haukufutwa. Mtu wa Nyamasheke anayeitazama Ijwi leo, na siku isiyo na vumbi unaweza kuona moshi wa majiko yao, anatazama nchi ya kigeni.

Siku ya pili tulifika Karongi, mji ambao wazee bado wanauita Kibuye. Kila kipeperushi cha utalii kina picha yake: ghuba tulivu, misonobari, visiwa vidogo, na kanisa la mawe juu ya rasi. Mahali pazuri pa kupiga kambi palikuwa uwanja wa nyumba moja ya wageni, chini karibu na maji, na kutoka pale kanisa lilionekana vizuri. Tulikuwa tumekwisha kutandaza hema ya kwanza pale mwenzetu mmoja, ambaye ukoo wa mama yake ni wa huko, aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naomba tuigeuze." Hatukumuuliza kitu. Tulihamisha mahema yote mawili nyuma ya nyumba, mahali pasipo na mandhari yoyote isipokuwa migomba na tangi la maji.

Tarehe 17 Aprili 1994, Watutsi waliokuwa wamekimbilia katika kanisa hilo waliuawa. Siku iliyofuata waliuawa waliokuwa kwenye uwanja wa michezo wa Gatwaro, mwendo mfupi kutoka pale. Ukumbusho ulioko kanisani unataja zaidi ya watu 11,000. Walikuwa wameambiwa na wenye mamlaka wakusanyike huko ili walindwe. Clément Kayishema, mkuu wa mkoa wa Kibuye, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, mwaka 1999. Katika siku zile rasi zinazotuvutia zilikuwa mitego: upande mmoja barabara yenye vizuizi, pande tatu maji. Wapo waliopata mtumbwi usiku wakavuka hadi Ijwi, wakapona. Kisiwa ambacho Brussels ilikifanya kuwa nchi nyingine kikawa, kwa sababu hiyo hiyo, mahali ambapo wauaji hawakuwa na amri. Sijui la kufanya na ukweli huo. Nimeuandika jinsi ulivyo.

Asubuhi yule mwenzetu aliomba twende Bisesero kabla ya kuendelea na safari. Barabara inapanda milimani na gari letu dogo lilisumbuka. Huko juu Watutsi wa eneo hilo walikusanyika kuanzia Aprili 1994, wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara, wakapigana kwa wiki nyingi kwa mikuki, marungu na mawe. Wanawake na watoto walikusanya mawe, wanaume wakayarusha. Mashambulizi makubwa ya katikati ya Mei yaliua maelfu. Tarehe 27 Juni wanajeshi wa Ufaransa walifika, wakaongea na walionusurika waliotoka mafichoni, wakaondoka. Waliporudi tarehe 30, wengi zaidi walikuwa wameuawa. Ukumbusho una nyumba ndogo 9 kwa ajili ya wilaya 9 za mkoa wa Kibuye wa wakati ule, na njia inayopanda kilima. Miezi miwili baada ya sisi kufika, Septemba 2023, UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi. Tulipanda hadi juu. Mwenzetu alichukua jiwe moja dogo kando ya njia, akalishika muda mrefu, akalirudisha mahali pake.

Tukiwa njiani kushuka alitaja pia Kiziba, ambayo iko katika wilaya hiyo hiyo. Ni kambi ya wakimbizi kutoka Kongo iliyofunguliwa mwaka 1996, na bado ina watu zaidi ya 10,000. Wapo vijana wa rika letu waliozaliwa humo, wakasoma humo, na wanaona ziwa kwa mbali kutoka kilimani. Wanajua kupiga kambi kuliko sisi. Hapo nilielewa vizuri zaidi swali la bibi.

Barabara ya kutoka Karongi hadi Rubavu, kupitia Rutsiro, ni ya lami na kona zake hazihesabiki. Wapo wanaoipita kwa baiskeli au kwa miguu, kwa njia ya utalii ya Kongo-Nile yenye kilomita 227. Sitasimulia kila ghuba, kwa sababu baada ya ghuba ya kumi maneno yangu yalianza kufanana. Nitaje tu jambo moja linaloonekana majini: mtambo wa KivuWatt, unaoelea karibu na Karongi, unaovuta gesi ya methani kutoka vilindini ili kuzalisha megawati 26 za umeme tangu 2016. Chini ya maji hayo mazuri kuna kilomita za ujazo 60 hivi za methani, na hewa ya ukaa mara kadhaa zaidi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dimbwi ukililinganisha na Kivu, lilitoa hewa ya ukaa ghafla usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo kuvuta gesi ya Kivu ni biashara na pia ni kinga. Tulipokuwa tunaogelea mmoja wetu alitaka tusizungumzie jambo hilo, na tukamheshimu.

Usiku wa mwisho tulilala upande wa Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji moto. Mawe ya kaskazini ni tofauti: meusi, mepesi, yenye vitundu kama mkate. Ni mawe ya volkano. Nyiragongo ilitapika Januari 2002, uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, na ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021, siku ambayo maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rubavu kwa miguu usiku kucha. Wenye nyumba Rubavu waliwafungulia milango. Mama aliyetuuzia viazi na sambaza za kukaanga alisema yeye alilaza watu 14 sebuleni. "Mpaka ulikuwa wapi usiku ule?" alisema. "Hakuna aliyeuliza."

Tarehe ya kurudi tulitembea kidogo kwenye mchanga wa Rubavu, sehemu moja ya mwambao isiyo na mawe, chini ya nyumba za kifahari zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, waliokuja huku kupumzika na kuota jua. Kisha tukaenda mpaka kwenye kivuko kidogo cha kwenda Goma. Ilikuwa asubuhi. Wanawake walikuwa wanavuka na vikapu vya kabichi, karoti na nyanya kichwani, wengine na watoto mgongoni, wakizungumza Kinyarwanda upande huu na Kiswahili hatua chache mbele. Mwenzetu mmoja alianza kuwahesabu, akafika 70, akaacha. Sisi tulisimama pembeni ili tusiwazuie. Vitambulisho vyetu vilikuwa mfukoni, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanga kuvuka, na gari lilitakiwa Kigali kabla ya jioni. Saa tano tulipakia mahema na kuanza kupanda barabara ya Musanze.